Bibi wa Dukani

Mama Awuor alinipigia simu asubuhi nikiwa bado na mswaki mdomoni, akaniambia Baba Awuor amepumzika. Hakulia. Alisema ameshamaliza kulia, sasa kilichobaki ni kazi tu, na moja ya kazi hizo ni yangu. "Ile karatasi ya kusomwa matangani utaandika wewe," akasema. "Watoto wangu wote wamesoma, lakini mwandishi wake ulikuwa wewe. Na Chebet, nakuomba, safari hii uangalie hiyo P yako."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mtu amefiwa na mume wa miaka yote hiyo, na mimi nacheka kwenye simu mpaka povu la dawa ya meno linaniingia puani. Naye akacheka, kidogo kidogo kwanza, halafu kile kicheko chake cha zamani kinachoanzia tumboni, na hapo ndipo akalia tena, nami nikalia naye.

Kazi yangu siku hizi ni kuhariri vitabu vya shule. Nalipwa kutafuta makosa ya watu wengine, na pale ofisini wananiogopa kidogo, maana herufi ikikaa vibaya naiona kabla sijavaa miwani. Hawajui nilikotoka. Nimekaa na hiyo karatasi ya matanga siku ya tatu leo, na kila nikianza kuandika maisha ya Baba Awuor najikuta nimerudi kwenye mwaka mmoja wa maisha yangu mwenyewe, ule tulioishi kambini. Basi wacha niuandike huo kwanza, labda utanipisha.

Kwetu ni upande wa Bomet. Tulikuwa na chai yetu kidogo, mahindi, na ng'ombe wawili ambao baba alikuwa akiongea nao kuliko alivyoongea na wazee wenzake. Baba alikuwa mtu wa maneno. Akipalilia anaongea, akikamua anaongea, akikosa mtu anaongea na redio, anaibishia. Mimi nilikuwa mkia wake. Alikokwenda nilikwenda, na wiki ilikuwa haijaisha vizuri kama hajanipeleka sokoni Bomet kula mandazi na kutazama watu.

Asubuhi moja alivaa koti lake la kanisani na siku haikuwa Jumapili. Nikajua anaenda sokoni. Nikakimbia kutafuta viatu. Akasema leo hapana, leo naenda peke yangu. Sikuamini masikio yangu. Nilinuna vile mtoto wa miaka kumi anavyojua kununa, nikaenda kusimama kwenye zizi nikijifanya namfunga ndama. Akapita pale, akaniambia, "Saisere, Chebet." Ndivyo tunavyoagana kwetu, na mwenzako anakujibu neno hilo hilo, imekwisha. Sikujibu. Akangoja kidogo, nilimsikia akingoja, halafu akaenda.

Hakuwa anaenda sokoni. Alikuwa anaenda hospitalini na tumbo ambalo alikuwa amelificha miezi. Wakamlaza, na wiki mbili baadaye akafa, bila sisi watoto kupelekwa kumwona. Watu wazima walisema ni ugonjwa. Mimi nilijua vizuri zaidi. Nilijua mtu akiagwa vibaya njia haimfungukii, na neno moja dogo ndilo lililokosekana, na neno hilo nilikuwa nalo mdomoni nikalimeza makusudi. Basi huo mdomo kama ulikataa kazi wakati ulipohitajika, nikaona ukae hivyo hivyo. Nikaufunga.

Sikuwa bubu, msinielewe vibaya. Sauti ilikuwapo. Niliitikia kwa kichwa, nilinyoosha kidole, na nikibanwa sana nilinong'ona. Mama alidhani ni machozi yatakwisha. Mwezi ukapita, miwili, akaacha kuniuliza maswali yanayohitaji majibu. Kisha shamba likabaki na kogo, yaani mama yake baba, pamoja na ndugu zangu wadogo, na mama akanichukua mimi tukaenda upande wa Kericho, akapata kazi ya kuchuma chai kwenye shamba kubwa.

Kambi yetu ilikuwa mistari ya nyumba za chumba kimoja kimoja, zote rangi moja, hata mtu akitoka kazini na uchovu anaweza kuingia kwa jirani akavua buti. Mvua ilikuja kila siku saa nane, kana kwamba nayo imeandikwa kazi. Ukitoka nje unakutana na harufu ya kiwanda, ile harufu ya majani yanayokaushwa, tamu na kali kwa pamoja, inakaa kwenye blanketi na kwenye nywele. Vidole vya mama vikawa vyeusi kwa utomvu wa chai ndani ya wiki ya kwanza. Jioni alikuwa akivisugua kwa limau na havikutakata, lakini nilivipenda, sijui kwa nini, nilikuwa nikivishika nikilala.

Majirani wengi walikuwa watu wa upande wa ziwa. Siku hizo kulikuwa kumepita maneno mabaya kati ya watu wetu na watu wao, mahali fulani nyumba zilikuwa zimechomwa, na watu wazima walipozungumzia hayo walipunguza sauti. Mimi sikuelewa. Nilichoona ni mama akisalimia majirani kwa adabu ya kupita kiasi, nao wakimjibu hivyo hivyo, kila mtu akikaa upande wake wa kamba ya nguo.

Shuleni ndiko nilikopata taabu. Sisi Wakipsigis tukiongea Kiswahili, P na B zinatuchanganya, na T na D, na K na G. Kwetu nyumbani hakuna aliyejali, maana sote tulikuwa tunakosea pamoja. Lakini pale kambini darasa lilikuwa na watoto wa kila kabila, na mwalimu wetu, mtu mwenye kucha ndefu na mzaha mwingi, akatuambia tuandike insha kuhusu mtu tunayempenda. Niliandika kurasa mbili. Niliandika nikiwa na furaha, kweli, kwa sababu kwenye karatasi niligundua naweza kusema yote bila kufungua mdomo. Mwalimu akasimama mbele akasoma sentensi yangu ya kwanza kwa sauti: "Papa yangu alikufa."

Akatua, akatutazama. "Papa ni samaki mkubwa wa baharini," akasema. "Chebet, baba yako alikuwa samaki?"

Darasa likavunjika. Watoto wa ziwani walicheka kuliko wote, maana samaki ndio wanawajua wao. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mtoto wa Samaki. Nilienda nyumbani nikakaa nyuma ya choo nikalia mpaka kamasi likaisha, na hasira yangu haikuwa kwa mwalimu wala kwa watoto, ilikuwa kwa ulimi wangu. Hapo ndipo nikajitungia sheria. Maneno niliyokuwa nimeyaona kitabuni nitayaandika kama yalivyo kitabuni. Lile ambalo sijawahi kuliona limeandikwa, nitausikiliza ulimi wangu, halafu niandike kinyume. Ulimi ukisema P, mkono uandike B. Niliona nimepata dawa. Kwa miezi kadhaa dawa hiyo ilifanya kazi ajabu, hata mwalimu akaniandikia "Umejaribu" kwa wino mwekundu.

Baba Awuor alikuwa anakaa mlango wa tatu kutoka kwetu, peke yake. Mke wake na watoto watano walikuwa nyumbani kwao karibu na ziwa wakilima. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kanda mbili zilizoshonwa kwa waya, na alikuwa hajui kuandika zaidi ya jina lake. Jumamosi moja mvua ikinyesha alikuja akasimama mlangoni kwetu, hakuingia, akamwambia mama, "Mama Chebet, niazime huyu wako asiyesema."

Mama akashtuka. "Wa nini?"

"Aniandikie barua. Hapa watoto wa kwetu wako wengi wanajua kuandika. Lakini nikimwambia mtoto wa Ouma kitu saa hii, saa kumi mama yake anakijua, saa kumi na moja nakisikia bombani. Huyu atamwambia nani?"

Mama alinitazama, mimi nikatikisa kichwa kukubali kabla hajaniuliza. Nikachukua daftari, nikaweka ubao wa kukatia mboga magotini, na hiyo ndiyo ilikuwa meza yangu ya kwanza. Aliongea kwa Kiswahili, kwa kuwa Mama Awuor alisomea mjini Kisumu akiwa msichana na alikisoma vizuri. Mwanzoni alinisemesha salamu tu, hujambo, mvua ya huko ikoje, ng'ombe anakula. Halafu akanyamaza, akatazama bati. Nikangoja. Nilikuwa hodari wa kungoja, sikuwa na kingine cha kufanya na mdomo. Ndipo akasema polepole, "Mwambie kifua kinaniuma asubuhi, lakini asijali sana. Mwambie namkumbuka." Nikaandika. Aliniletea omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, kwenye gazeti, na mama akazikaanga, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kula kitu kilichotoka upande ule wa kamba ya nguo.

Baada ya hapo wakaja wengine. Nilikuwa na kazi! Mtoto ambaye shuleni alikuwa Mtoto wa Samaki, Jumamosi alikuwa na watu wazima wamepanga foleni mlangoni na ndizi na karanga mkononi. Wote walifanya vile vile: salamu, mvua, ng'ombe, kimya, macho kwenye bati, halafu lile neno lenyewe. Nilijifunza kutoinua kichwa wakati huo. Nilijua nani anamwogopa mama mkwe, nani amefiwa na hajaweza kwenda kuzika, nani anajuta. Yote yalipita kwenye mkono wangu na hayakutoka kwangu, na mara ya kwanza tangu baba afe nilikuwa naamka nikiwa na hamu ya siku. Nilifurahi sana, wacha niseme hivyo hivyo. Nilijiona mtu mwenye faida duniani.

Mwezi wa kumi na moja Baba Awuor alikuja akiwa mchangamfu. Alikuwa ameenda Kericho mjini akaona dukani pipi kubwa ya kijiti, kubwa kama sahani, ya rangi nyekundu na nyeupe, imewekwa juu ya kabati ya kioo. Alinionyesha ukubwa wake kwa mikono miwili. Alikuwa amemwambia mwenye duka amwekee. Basi akanisemesha, nami nikaandika.

Sasa hilo neno pipi sikuwa nimewahi kuliona kitabuni. Nililila, lakini sikulisoma. Nikausikiliza ulimi wangu, nikasikia P mwanzoni, nikafuata sheria nikaandika B, na herufi ya pili nikaifananisha na hiyo. Na barua ikaenda hivi: "Krismasi nikija nitakuja na bibi. Nimeshachagua. Iko kwa duka moja hapa Kericho. Ni tamu sana. Watoto wataipenda, hata wewe utaipenda. Usiwaambie, nataka washangae."

Nyinyi mnaojua Kiswahili cha Pwani mtasema mke huwezi kumwita "iko" wala "tamu." Huko kwetu bara mke ni bibi, na bibi iko, na bibi inaenda, na hakuna anayegeuka kutazama.

Wiki tatu hivi zikapita bila jibu. Baba Awuor alikuwa akiniuliza kwa macho kila akipita, mimi nikipandisha mabega.

Siku yenyewe nilitoka shuleni nikambebea mama chai kwenye chupa, nikaipeleka bandani wanakopimia majani. Mama hakuwapo. Kundi lake lilikuwa limehamishiwa shamba la mbali, chini kule mtoni. Waliokuwapo ni kundi la Baba Awuor, wamepanga mstari na vikapu mgongoni na zile aproni za plastiki zinazochuruzika maji, na karani wa mizani akiita majina. Nikageuka kuondoka, ndipo nikamwona mwanamke anapanda kutoka barabarani, mtoto mgongoni, mfuko kichwani, anatembea kama mtu anayekuja kuzima moto. Sikuwa nimemwona maishani, lakini Baba Awuor alipomwona alitabasamu uso mzima.

"Mama Awuor! Umekuja? Kuna nini nyumbani?"

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo bibi wako wa dukani. Mtamu. Mwite nimwone, watoto wangu wanaambiwa watampenda."

Karani akaacha kuita majina. Baba Awuor akasema, "Yawa, unasema nini?" na Mama Awuor akatoa barua kifuani, imekunjwa mara nne, akampa karani wa mizani kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kalamu sikioni. "Wewe umesoma. Wasomee wote."

Karani alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa. Akasafisha koo, akasoma. Alipofika "nitakuja na bibi" wanawake wakasema aaai. Alipofika "nimeshachagua" wakapiga makofi ya mshangao. Alipofika "hata wewe utaipenda" kuna mzee aliweka kikapu chini ili acheke vizuri. Mama Awuor hakucheka. Alisimama pale, akasema kwa sauti ndogo ambayo ilinitisha kuliko kelele, "Miaka kumi na tatu nalima peke yangu. Nimemwambia mama yako, nimemwambia pasta, na ndugu zangu wanakuja Jumamosi. Huyu mdogo nakuachia hapa. Mimi narudi kwa mama yangu."

"Sikusema hivyo!" Baba Awuor akapiga kelele. "Haki ya Mungu, sikusema hivyo! Mimi nilisema..." Akageuka huku na huku akanitafuta, akanipata. Na watu wote wakageuka naye.

"Nani aliandika?" mtu mmoja akauliza.

"Si huyo, mtoto wa yule mama wa Bomet," mwingine akajibu. Na sauti nyingine, ya chini, nyuma kabisa: "Mnaona? Hao ndio watu mnawapa siri zenu. Ametumwa huyo."

Sikujua nimetumwa na nani, lakini niliona nyuso zikibadilika, na nilikuwa nimeshaelewa kosa langu. Karani alipolitamka lile neno, alilitamka wazi, nikasikia si lenyewe. Ni mimi. Mara ya kwanza niliua kwa kunyamaza, sasa navunja nyumba ya watu kwa kuandika. Miguu iliniambia kimbia, kimbia mpaka Bomet. Nikamwona yule mtoto mgongoni mwa Mama Awuor akinitazama huku ananyonya kidole, na Baba Awuor mikono imemwanguka, na sikukimbia. Nikafungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka imekwaruza, sikuitambua. "Baba Awuor alisema pibi. Mimi ndio nikaandika pibi."

Mtu akanong'ona, "Kumbe anaongea?"

"Alisema nini?" Mama Awuor akauliza.

"Pibi."

"Si ndiyo hiyo, bibi!"

"Hapana, siyo pibi! Pibi!" Nilikuwa nalia sasa. "Pibi ya watoto! Ya kula!"

"Bibi ya kula?" karani akasema, na banda likaanza kuchemka. Mimi sikuwaona. Nilinyoosha mikono yote miwili nikaonyesha ukubwa wa ile sahani, nikashika kijiti hewani, nikatoa ulimi nikailamba mbele ya kundi zima la wachuma chai, huku machozi na kamasi vinanitiririka. "Pibi! Pibi!"

Ni Baba Awuor aliyeruka. Kikapu kilimtoka mgongoni, majani yakamwagika yote kwenye tope. "Pipi!" akalia. "Pipi ya kijiti! Iko dukani juu ya kabati! Yawa, pipi!"

Sijasikia kicheko kama kile tena. Watu walishikana. Yule aliyesema nimetumwa alikuwa ameegemea nguzo akijifuta macho kwa aproni ya plastiki, ambayo haifuti kitu. Mama Awuor peke yake alibaki wima, akinitazama, halafu akamtazama mume wake aliyepiga magoti kwenye majani, halafu akashusha mfuko wake, akaukalia, na hapo ndipo nilipokisikia kwa mara ya kwanza kile kicheko cha tumboni. Alicheka mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia kwa kurushwarushwa. Kisha akaacha ghafla.

"Jumamosi," akasema. "Ndugu zangu."

Baba Awuor naye akaacha kucheka. Shemeji zake, nilikuja kujua, hawakuwa watu wa kuja kuzungumza. Ikakubaliwa hapo hapo barua iende leo leo kwa mama mzazi wa Mama Awuor, kupitia kondakta wa basi la Kisumu linalopita saa kumi na moja. Karani akachomoa kalamu sikioni, akajitolea.

"Wewe kaa," Mama Awuor akamwambia. Akaninyooshea mimi kidole. "Huyu ameharibu, huyu atatengeneza."

Nikaficha mikono mgongoni. "Siandiki tena," nikasema. Nilimaanisha. Nilikuwa nimeapa moyoni sitagusa kalamu mpaka nife. Akanishika kwapani akaninyanyua kama kikapu, tukaenda kwetu.

Ndani alimlaza mtoto kitandani, akatafuta daftari langu, akachana kipande chembamba cha karatasi, akakishika kikaning'inia mbele ya midomo yangu. "Sema pipi," akasema. Nikasema. Karatasi haikutikisika. "Unaona? Umeibania. Funga midomo, halafu ipulize, kama chai ya moto." Nikajaribu, hapana. Tena, hapana. Mara ya saba au ya nane karatasi ikaruka. Nikashtuka, nikasema tena ikaruka tena. "Sasa sema bibi. Hiyo usipulize." Ikatulia. Pipi, ikaruka. Bibi, ikatulia. Jamani! Nilikuwa nimeishi miaka kumi bila kujua kwamba tofauti yenyewe ni pumzi tu.

"Na kwa nini hukuwa unaongea?" akaniuliza, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu ya kile kipande cha karatasi, midomo ilikuwa tayari imefunguka. Nikamwambia habari za koti la kanisani, na zizi, na saisere ambayo sikuijibu.

Hakunikumbatia wala nini. Alifikiri kidogo. "Mimi nina watano," akasema. "Nikitoka wakaninunia, najua wanataka twende pamoja. Naenda nikifurahi njia nzima. Ni siku wananiaga vizuri ndio narudi haraka, najua wanataka kuiba sukari." Akanisukumia daftari. "Baba yako alienda akijua unamtaka. Andika."

Nikaandika. Kila neno alinifanya niliseme kwanza mbele ya kile kipande cha karatasi, ndipo mkono uliruhusiwa. Mvua ilikuwa imeanza tena, ikipiga bati, nikalazimika kusema kwa nguvu ili anisikie. Ilikuwa barua fupi. Tulipomaliza akasema, "Soma yote. Kwa sauti. Nataka nisikie vile ndugu zangu watasikia."

Nikasimama na daftari. Nilikuwa nimefika katikati nilipoona mlango hauko wazi kama tulivyouacha, kuna mtu ameuziba. Ni mama. Njiani wanawake walikuwa wamempigia kelele kwamba mtoto wake ameongea, amehutubia banda zima, naye akadhani wanamfanyia mzaha mbaya, akawatukana, akaja mbio kutoka mtoni bila hata kupima majani yake. Kikapu kilikuwa bado mgongoni, kimejaa, maji yanamtiririka kutoka kwenye kitambaa mpaka kidevuni. Alikuwa amesimama pale nje, mguu mmoja kizingitini, haingii.

Nikanyamaza. Niliona uso wake ukiogopa nilipofanya hivyo.

"Mama Chebet, ingia ndani, unalowa!" Mama Awuor akamwambia.

Mama akatikisa kichwa. "Wacha kwanza amalize," akasema.

Nikarudi juu, nikaanza upya, kwa nguvu kuliko mvua: "Mama, hujambo. Tafadhali waambie ndugu zangu warudi shambani. Hakuna bibi mwingine. Ilikuwa pipi ya watoto. Bibi ni mimi peke yangu."